Sauti ya dada kwenye njia ya Jilib

Kwetu Barawa, mji wa pwani ya kusini mwa Somalia, dada ni bibi, yaani mama wa mzazi wako. Mtu wa Mombasa nikimwambia dada yangu alikuwa na miaka 80 na ushei hunitazama mara mbili. Ndiyo maana mtunzi wetu mkubwa, aliyetunga tenzi za dini kwa Chimwiini, lugha yetu, na kufariki mwanzoni mwa karne iliyopita, huitwa Dada Masiti: ni bibi wa mji mzima. Dada yangu mimi alizihifadhi tenzi zake tangu utotoni, bila kitabu, kwa kuwasikiliza wanawake wakubwa wakizisoma matangani na kwenye maulidi. Sisi huziita steenzi. Mtu wa Lamu akitega sikio vizuri huzifahamu, kwa kuwa Chimwiini ni Kiswahili kilichokwenda kukaa kaskazini mno, kikala sahani moja na Kisomali.

Mimi nilitolewa Barawa mtoto, ndani ya jahazi, serikali ya Siad Barre ilipokwisha kuanguka mwaka 1991 na makundi yenye silaha yakaupora mji. Wabarawa hatukuwa na wanamgambo wa kututetea. Tukawa wakimbizi Mombasa, katika kambi ya Benadir, halafu Majengo. Dada alikataa kupanda jahazi. Februari 2010 mama mdogo alitaka kwenda kumchukua, na mwanamke hakuweza kusafiri peke yake kule, kwa hiyo nilikwenda naye niwe mahramu wake.

Dada alikataa tena. Alitulisha, akatuombea, akasema kaburi lake liko hapo hapo.

Mji ulikuwa mikononi mwa al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Kiislamu wenye msimamo mkali. Maulidi yalikuwa yamepigwa marufuku, ziara za makaburini pia. Hayo yote kwao yalikuwa bidaa, uzushi katika dini, na shirki, kumshirikisha Mungu. Usiku wa mwisho dada alifunga dirisha, na joto la kaskazi lile, akaniambia niweke simu juu ya mto. Akasoma. Alisoma kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, tasbihi ikigongana mkononi, kituo baada ya kituo, dakika 40 na zaidi. Mahali pamoja alikohoa, akaomba maji, akanywa, akarudi nyuma beti mbili ili asivunje mtiririko. Yote hayo yaliingia ndani ya kadi ya simu, ndogo kuliko ukucha wangu.

Asubuhi tukapanda basi dogo, wanawake nyuma, wanaume mbele, kuelekea Jilib, kisha Afmadow na Dhobley, hadi mpaka wa Kenya ambao ulikuwa umefungwa tangu Januari 2007 lakini watu wakivuka. Wakati huo serikali ya mpito ya Sheikh Sharif Ahmed ilikuwa Mogadishu, ikishikilia mitaa michache kwa kulindwa na askari wa Umoja wa Afrika kutoka Uganda na Burundi. Kule tulikokuwa sisi, serikali ilikuwa jina la redioni tu.

Dereva aliwasifu al-Shabaab njia nzima, na sikumwona mwongo. Zamani za wanamgambo wa koo, alisema, ulilipa kila penye kamba iliyokingamishwa barabarani, na jioni ukirudi ukalipa tena kwa watu wale wale. Hawa walitoza mara moja, wakaandika risiti, na kizuizi cha mbele kikiiona kinakupisha. Mtu aliyeporwa miaka 20 huithamini risiti. Akaeleza pia jinsi Waethiopia walivyoingia Desemba 2006 kuziangusha mahakama za Kiislamu zilizokuwa zikitawala kusini, na vijana wa mtaani kwake walivyojiunga na al-Shabaab kwa uchungu wa nchi kuvamiwa. Waethiopia waliondoka Januari 2009. Vijana hawakurudi makwao. Dereva alinyamaza hapo, nami nikaelewa kwamba mmoja wao alikuwa wa nyumbani kwake.

Isbaaro, yaani kizuizi cha barabarani, ilikuwa kabla ya Jilib, chini ya mgunga: mapipa mawili, mti umelazwa katikati, vijana sita wamefunga vilemba usoni. Tuliteremka. Wakatazama suruali zetu kama zimepita vifundo vya miguu, kisha wakaomba simu. Walikuwa wakitafuta nyimbo na picha.

Aliyechukua yangu alikuwa mwembamba, bunduki imemzidi. Alibonya, akasikiliza, na sauti ya dada ikatoka pale jangwani mbele ya watu wote. Mkubwa wao akauliza kwa Kisomali kama ni wimbo. Nikajibu kwa Kisomali changu kibovu kwamba si wimbo, hakuna ngoma wala zumari, ni bibi yangu anamtaja Mwenyezi Mungu.

Mkubwa hakuelewa neno la kwenye simu. Nami nikashukuru moyoni kwamba haelewi. Ndipo yule mwembamba aliponigeukia akasema, "Huyu anawataja mashekhe. Anatawasali kwao, anaomba kwa kupitia kwao."

Alisema kwa Kiswahili. Si cha kusomea. Ni kile cha vichochoroni kwetu, cha mtu aliyecheza mpira pekupeku Mombasa. Katika watu wote waliokuwa chini ya ule mti, yeye peke yake ndiye aliyemsikia dada yangu kama nilivyomsikia mimi. Akawafasiria wenzake. Mkubwa akatikisa kichwa. Kijana akaitoa kadi, akaiweka juu ya pipa, akaigonga kwa kitako cha bunduki mara mbili. Simu akanirudishia.

Mama mdogo alikuwa nyuma pamoja na wanawake, akaona kila kitu kupitia kitambaa cha uso. Hakulia mpaka tulipovuka mto.

Nilipofika Mombasa nilimpigia dada nikamwomba asome tena, nirekodi kwenye laini. Akasema simu zina masikio, nije mwenyewe. Mwaka uliofuata ukaja ukame na njaa, na Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Shabelle ya Chini, mkoa wetu huo huo, na al-Shabaab wameyazuia mashirika mengi ya msaada. Oktoba mwaka huo jeshi la Kenya likavuka mpaka. Njia ikafungika kabisa. Dada alifariki mwaka 2012, na al-Shabaab hawakuondolewa Barawa hadi tarehe 5 Oktoba 2014. Kuna vitabu vya tenzi hizo sasa, nami ninavyo. Kukohoa kwake hakumo, wala zile beti mbili alizozirudia.

Hayo nimeyasimulia nyumbani mara nyingi. Lililobaki sikumwambia mtu, hata mama mdogo.

Yule kijana aliponirudishia simu, wenzake walikuwa wameshageukia gari la nyuma yetu. Akasogea karibu, akashusha kilemba hadi kidevuni. Ndevu zilikuwa hazijaota. Akauliza habari za Mombasa kwa sauti ya chini, "Pale Mwembe Tayari, wale wazee wa kahawa bado wako?"

Vipande vya kadi vilikuwa bado juu ya pipa, kati yangu na yeye. Nikamwambia wako. Akauliza kama kikombe kimepanda bei. Nikamtajia bei, akacheka kidogo, nami nikacheka naye.