Nilivyohudhuria Umoja wa Mataifa kivuli The Hague nikiwa mwanafunzi Ujerumani

Nasoma Münster, kongamano lilikuwa The Hague, Uholanzi: siku nne za Umoja wa Mataifa kivuli, ambapo kila mwanafunzi anapewa nchi isiyo yake na kuisemea. Kabla hata ya kusoma mada, nilikagua tarehe ya mwisho ya kadi yangu ya ukaazi.

Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani na pasipoti hai anaingia nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, bila viza, hadi siku 90 ndani ya siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Huko viza inaombwa upya. Wanaokwama ni wale ambao kadi imeisha wakiwa wanasubiri mpya. Hao hupewa karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung. Fungua ukurasa wa tatu utazame visanduku: kikiwa kimetiwa alama cha tatu, unasafiri, mradi ubebe na ile kadi iliyoisha. Vile viwili vya mwanzo havikupi haki ya kuingia tena Ujerumani, hivyo ukitoka umejifungia nje. Wala usitegemee kwamba mpakani hakuna anayeuliza. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, Uholanzi ikafuata Desemba. Picha ya pasipoti kwenye simu haisaidii kitu.

Bima ya safari sikununua. Nyuma ya kadi ya bima ya umma ya Ujerumani kuna kadi ya afya ya Ulaya, nayo inakubalika Uholanzi kwa matibabu ya dharura. Mwenye bima binafsi asome mkataba wake kwanza.

Kuhusu nauli, tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket, ya treni za mikoa Ujerumani nzima, haiishii mpakani kwa njia hii: treni ya RB64 kutoka Münster inavuka hadi Enschede upande wa Uholanzi, nayo tiketi inakubalika mpaka kituo hicho. Unayolipia ni safari ya ndani ya Uholanzi tu. Kule unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ukiingia kituoni na unaigusisha tena ukitoka. Kosa la wageni ni kuingia kwa simu na kutoka kwa kadi ya plastiki. Hata kama akaunti ni moja, mashine inaona kadi mbili, na kila moja inahesabiwa kuwa imeanza safari isiyoisha. Zote mbili zinakatwa.

Sasa kongamano lenyewe. Nilipangiwa Mongolia, kamati ya pili ya Baraza Kuu, mada ikiwa usafirishaji wa nchi zinazoendelea zisizo na bahari, ambazo ziko 32. Waraka wa msimamo niliubana kwenye ukurasa mmoja: aya ya tatizo, aya ya yale ambayo nchi yenyewe imekwisha kuyasema na kuyapigia kura, aya ya mapendekezo. Aya ya pili ndiyo ngumu, na wengi huijaza maoni yao. Dawa yake ni hotuba za viongozi wa nchi hiyo kwenye mjadala wa Baraza Kuu wa kila Septemba, na kumbukumbu za kura katika maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Ukishasoma hotuba za miaka mitatu, unajua nchi inaogopa nini. Mongolia imezungukwa na Urusi na China tu, bandari yake kubwa ya kutegemea ni Tianjin iliyoko China, na reli yake ni ya upana wa milimita 1,520 wakati ya China ni 1,435. Mpakani mzigo unahamishwa, au mabehewa yanabadilishwa magurudumu. Mtanzania hahitaji kuelezwa sana hapa: pale Kidatu, TAZARA yenye milimita 1,067 inakutana na reli ya zamani ya milimita 1,000. Mfano huo niliutumia mara moja tu, kwenye maongezi ya pembeni, kwa sababu kwenye kipaza sauti nilikuwa Mongolia, na meza kuu, yaani waendesha kikao, ilikuwa ikimkatiza kila aliyesema "mimi". Unasema "ujumbe wa Mongolia unaona".

Asubuhi ya kwanza kuna mtego wa mahudhurio. Nchi ikitajwa unaweza kujibu "nipo" au "nipo na ninapiga kura". La pili linasikika kishujaa, ila ukilisema umejinyima haki ya kutopiga upande wowote kwenye azimio.

Hoja ya kuomba mjadala unaoongozwa, yaani wa zamu fupi za kusema kuhusu jambo moja, inahitaji vitu vitatu: muda wote, muda wa kila msemaji, na mada ndogo. Piga hesabu kabla ya kuinua kibao cha jina la nchi yako. Dakika 9 kwa sekunde 45 ni wasemaji 12 kamili. Dakika 10 zinaacha mabaki, na meza kuu nyingi zitakurudisha ukae. Sekunde 45 za Kiingereza kisicho cha haraka ni maneno 90 hivi, kwa hiyo hoja ni moja tu.

Ila azimio haliandikwi kwenye kipaza sauti. Linaandikwa kwenye mapumziko ya majadiliano, watu wamesimama kuzunguka kompyuta moja, kelele kama soko la Kariakoo. Niliyekuwa namtafuta mimi ni mwenye kompyuta. Nilimpelekea vifungu viwili vimekamilika: cha fomu moja ya forodha na cha maegesho ya mizigo mpakani, kila kimoja kikianza na kitenzi na kuishia na nukta mkato. Mwenye kifungu tayari hakataliwi saa sita mchana. Vitenzi navyo vina mipaka: Baraza Kuu "linahimiza" na "linatoa wito", kuamuru na kuweka vikwazo ni kwa Baraza la Usalama, na rasimu zenye makosa hayo zilirudishwa mbele ya macho yetu. Saini nazo ni rahisi kuzipata ukieleza kwamba kutia saini maana yake ni kutaka rasimu ijadiliwe tu, siyo kuiunga mkono.

Usiku wa mataifa nilipeleka kashata. Nazi ya pakiti ni kavu mno. Ukiitia kwenye sukari moja kwa moja, kashata zinamomonyoka. Gramu 250 niliziloweka kwanza kwenye tui la moto mililita 100, ndipo sukari gramu 250 na iliki. Ziliisha kabla ya stroopwafel, biskuti za wenyeji.

Chuo kilikuwa kinarudisha nauli na ada kwa sharti la cheti cha ushiriki chenye mhuri pamoja na risiti halisi. Cheti kiombe siku ya tatu. Siku ya nne, baada ya kura ya mwisho, sekretarieti inakuwa ukumbini ikicheza muziki, na mhuri umeshafungiwa kwenye boksi.