Bembea za watoto wetu hapa Moshi

Jamani jumapili nimempeleka mtoto wa dada angu kiwanja cha michezo, anatumia kiti mwendo, getini tu tukakuta kizingiti, haya tukambeba, ndani kumemwagwa changarawe tairi za mbele zinazama na bembea zote hazina pa kuegemea mgongo wala mkanda, akabaki kuwapigia makofi wenzie. Iliniuma aisee. Na mkataba wa UN wa watu wenye ulemavu Tanzania tuliridhia 2009, ibara ya 30 imetaja mpaka kucheza! Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8 tu, na bembea ya kuegemea hata mafundi wa Pasua wanachomelea. Nani ana namba ya diwani, anitupie inboksi