I-70 na wapiga kura hewa: siku sita kutoka Kansas mpaka Harpers Ferry

Mi ni dereva wa lori, mwaka wa nane huu nakanyaga I-70 huku Marekani, naijua hiyo barabara kuliko njia ya kwetu Pangani. Lakini ukiwa na lori huoni kitu, unaona mizani, sheli na mgongo wa lori la mbele basi. Ndo maana nilipopata likizo ya siku sita nikamwambia jamaa yangu mmoja, Mkongomani wa Uvira tunayefanya naye kazi, tuchukue gari dogo tuifuate taratibu kuelekea mashariki, tushuke kila penye kile kibao cha kahawia cha mambo ya kale. Akasema sawa, mafuta nusu kwa nusu, chakula kila mtu na mdomo wake.

Shuleni tulifundishwa Rais Lincoln na vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, watumwa wakaachiwa, kengele ikalia tukatoka nje. Hakuna aliyetuambia walifikaje huko, na hilo ndo nilikuwa nalitaka.

Tulianzia Lawrence, Kansas, kama dakika 45 toka Kansas City tunakoishi. Mtaa mkuu unaitwa Massachusetts, jina la jimbo lililo mbali kule baharini, na halikuja kwa bahati mbaya. Ilikuwa hivi. Mwaka 1820 wakubwa walielewana wakachora mstari kwenye ramani, nyuzi 36 na dakika 30, kwamba kwenye zile ardhi za magharibi utumwa usipande juu ya hapo isipokuwa Missouri yenyewe, na ili mizani isilale upande mmoja wakaingiza Maine kama jimbo huru. Ule mstari ukashika miaka 34. Halafu 1854 akaja seneta wa Illinois anaitwa Stephen Douglas, mfupi wa kimo ila maneno kama yote, anataka reli itoke Chicago iende magharibi, na reli haiwezi kupita kwenye ardhi isiyo na serikali, na Wakusini, wenye majimbo ya utumwa, nao kura zao hawampi bure. Basi akawauzia mstari. Sheria yake ikasema Bunge likae pembeni, wakazi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kwa kura kama wanataka watumwa au hawataki. Ukiisikia hivyo unasema aah, demokrasia safi kabisa. Sasa mkazi ni nani? Wenyeji waliokuwepo, akina Shawnee na Delaware, hakuna hata aliyewauliza.

Watu wa Boston wakaanzisha kampuni ya kupeleka walowezi wasiotaka utumwa, na huu mji ukapewa jina la mfadhili wao mkubwa, Amos Lawrence, tajiri wa nguo za pamba. Hapo mi nikagota. Bibi yangu mpaka anakufa kile kitambaa kigumu cheupe kisichotiwa rangi alikiita merikani, ndo alichoshonea foronya na shimizi, mi nililala juu ya merikani utoto wangu wote. Jina nilijua limetoka huku ila sikuwahi kukaa nikaifuata safari yake. Pamba inalimwa na mtumwa Kusini, inapanda viwandani Massachusetts, inafumwa, inapakiwa kwenye meli za Salem mpaka Unguja, inabadilishwa na pembe za ndovu na sandarusi na karafuu (na karafuu nayo kachuma mtumwa, tusijifanye watakatifu, soko letu la Mkunazini limekuja kufungwa 1873). Vita ilipoanza huku pamba ikakatika, merikani ikaadimika Unguja, nguo za Waingereza na za kutoka India zikachukua nafasi. Kwa hiyo hela iliyowasafirisha watu kuja kuzuia utumwa usienee Kansas ilikuwa na jasho la watumwa ndani yake. Nimesimama pale mtaani na kahawa yangu inapoa. Mwenzangu ananiuliza vipi, nikamwambia hamna, nimemkumbuka bibi.

Kura yenyewe, ya kuchagua bunge la Kansas, ilipigwa Machi 30, 1855. Sensa iliyofanyika kabla ilihesabu watu 2,905 wenye haki ya kupiga kura. Kwenye masanduku zikatoka zaidi ya 6,000. Wamissouri walivuka mpaka makundi kwa makundi, wana bunduki, wana pombe, na aliyekuwa seneta wao David Atchison yuko mbele kabisa, wakapiga kura wakarudi kwao. Mkongomani wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, "Ndugu, ile kitu minaijua, ile ni ya kwetu!" Na lile bunge lililopatikana kwa wizi likatunga sheria kwamba ukisema tu mdomoni kuwa mtu hana haki ya kumiliki watumwa Kansas, kifungo si chini ya miaka 2. Kusema tu. Wale wasiotaka utumwa wakaligomea, wakaandika katiba yao Topeka, zikawa serikali mbili kwenye ardhi moja.

Kutoka hapo tukaingia Lecompton, kijiji kidogo sana, nyumba ya mbao ya ghorofa moja imepigwa rangi nyeupe, ukipanda ngazi zinalia kwee kwee. Ukumbi wa juu ndo walikokaa 1857 kuandika katiba ya kuifanya Kansas jimbo la utumwa. Mi nilitegemea kitu kikubwa, kumbe ni chumba cha kufanyia kikao cha harusi, viti na madirisha tu, lakini kilichoandikwa humo kilimgombanisha rais na chama chake. Uchaguzi wa mwaka ule ni kichekesho. Sehemu moja inaitwa Oxford, nyumba chache tu mpakani na Missouri, ilileta kura 1,628, na majina yamenakiliwa kutoka kitabu cha anwani za watu wa mji wa Cincinnati! Wapiga kura hewa wana herufi zimepangwa vizuri kabisa A mpaka Z. Halafu katiba ilipoletwa kwa wananchi wakaambiwa wachague, ikiwa na utumwa au bila utumwa, ila hiyo ya bila utumwa nayo inasema watumwa waliopo tayari wanabaki. Yaani chagua kulia au kushoto, njia zote zinafika kwangu. Wapinzani wakasusia, wakaja kupiga kura yao Januari 1858, 10,226 wakaikataa. Kuna karatasi za matokeo zilikuja kukutwa kwenye boksi la mishumaa limefukiwa chini ya rundo la kuni. Rais Buchanan akaing'ang'ania hiyo katiba hivyo hivyo, na Douglas, yule yule aliyeanzisha balaa, akamgeuka rais wa chama chake kwa sababu hata yeye aliona huu sasa ni uhuni. Bungeni Washington usiku wa saa 8 wabunge wakavaana ngumi, mmoja wa Mississippi wigi likamtoka, akalivaa kinyume mbele nyuma, ukumbi mzima ukaangua kicheko ugomvi ukaisha. Angalau usiku ule.

Maana miaka miwili kabla hawakucheka. Mei 1856 ni wiki ambayo mi naona hapakuwa tena na kurudi, ingawa wanaojua zaidi wanaweza kunibishia. Tarehe 21 watu wa utumwa waliingia Lawrence na mizinga, wakaichoma hoteli, wakatupa mitambo ya magazeti mtoni. Tarehe 22 huko Seneti, Charles Sumner wa Massachusetts kakaa kwenye dawati lake anaandika, siku mbili tatu nyuma alikuwa ametoa hotuba kali kuhusu Kansas akamtukana seneta mmoja wa South Carolina, basi ndugu wa yule seneta, mbunge Preston Brooks, akamfuata na bakora akampiga kichwani mpaka bakora ikavunjika vipande. Sumner alikaa zaidi ya miaka mitatu hajarudi kazini sawasawa. Brooks kwao wakamtumia zawadi za bakora mpya! Usiku wa tarehe 24 John Brown, mpinga utumwa mkali, na wanawe huku Kansas wakatoa watu watano majumbani mwao karibu na kijito cha Pottawatomie wakawaua kwa mapanga. Siku nne hizo. Hakuna jeshi lililotangaza vita.

Siku ya pili tukaikata Missouri yote mpaka St. Louis. Mahakama ya zamani ipo pale pale karibu na lile tao kubwa, ina kuba la kijani, na nje kuna sanamu ya Dred Scott na mkewe Harriet wameshikana mikono. Hawa walifungua kesi 1846, hoja yao bosi aliwapeleka kuishi kwenye ardhi huru kwa miaka kwa hiyo na wao ni huru. 1850 wakashinda humo ndani, 1852 mahakama ya juu ya Missouri ikawanyang'anya ushindi, na 1857 Jaji Mkuu Roger Taney kule Washington akamaliza kazi, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa kwenye maeneo mapya. Yaani ule mstari wa 1820 haukuwa halali tangu siku ulipochorwa. Taney alidhani amefunga mjadala, wapi bana, alimwaga petroli. Tulikwenda mpaka kaburini kwa Dred Scott, makaburi ya Calvary, juu ya jiwe watu wameacha senti nyekundu zile zenye sura ya Lincoln, nyingi, zingine zimeshaota kutu ya kijani. Alipewa uhuru miezi michache baada ya hukumu, akafa 1858. Mwenzangu alijisachi mifuko hana chenji, ikabidi nimkopeshe senti, mpaka leo hajalipa.

Pale St. Louis kuna mzee mmoja alituona tunasoma vibao akaja kutupigia stori, mzee mpole tu, akasema vita ile haikuwa ya utumwa, ilikuwa haki za majimbo kujiamulia mambo yao. Sikumjibu, mi mgeni wa watu na mzee ni mzee. Ila jibu nilikuja kulipata njiani.

Alton, ng'ambo ya mto, tulipita haraka. Pale ndo walimuua mhariri Elijah Lovejoy 1837 akilinda mtambo wake wa kuchapia, na pale Lincoln na Douglas walimalizia midahalo yao saba Oktoba 15, 1858. Illinois na Indiana ni mahindi, mahindi, pancha moja, mahindi.

Mto Ohio tuliuvuka usiku pale Wheeling. Zamani hii ilikuwa Virginia, upande wa utumwa, na sisi tunatoka upande huru, yaani tunakwenda kinyume na wote waliowahi kuvuka hapa kwa siri. Nikamsimulia mwenzangu sheria ya 1850 ya watumwa waliotoroka. Ukikamatwa hata Boston unapelekwa mbele ya kamishna, huruhusiwi kujitetea wala baraza la wazee wa mahakama hupati, na kamishna akiamua urudishwe analipwa dola 10, akikuachia anapata dola 5. Majimbo ya Kaskazini yakatunga sheria zake kujikinga, na Wakusini hao hao wakaja juu kwamba serikali kuu iyabane. South Carolina ilipojitoa kwenye muungano Desemba 1860 iliandika sababu zake, na lalamiko mojawapo kubwa ni kwamba majimbo mengine yanakataa kurudisha watoro. Sasa haki za majimbo hapo ziko wapi mzee wangu? Haki ya jimbo ilikuwa tamu ikiwa ni jimbo lao. Hata chama cha Democrat, kile cha Buchanan na Douglas, kilichanika 1860 kwa hilo hilo, Wakusini wanataka serikali kuu iulinde utumwa mpaka kwenye maeneo mapya, wenzao wakakataa, wakasimamisha wagombea wawili na Lincoln akapita hapo katikati na kura pungufu ya asilimia 40, bila jina lake hata kuwepo kwenye karatasi za majimbo 10 ya Kusini.

Harpers Ferry tumefika siku ya nne. Unaacha gari juu kwenye maegesho unashushwa na basi mpaka chini, mito miwili inakutana, Potomac na Shenandoah, milima imebana pande zote, pazuri mpaka unasahau ulichofuata. Ile "ngome" ya John Brown ni banda la matofali la pampu za zimamoto, milango mitatu, mwenzangu alilipima kwa hatua akasema hili ni gereji ya lori moja. Oktoba 1859 Brown alikuja na watu 21 kuteka ghala la silaha awagawie watumwa, na mtu wa kwanza kufa kwa mkono wao, sikia hiyo, alikuwa Heyward Shepherd, mweusi huru, mpagazi wa stesheni. Siku mbili tu wanajeshi wa majini chini ya Robert E. Lee wakavunja mlango. Brown akanyongwa Desemba 2.

Lakini kilichotusimamisha ni Dangerfield Newby. Mtu mzima, alishapewa uhuru, mkewe Harriet na watoto bado wanamilikiwa Virginia, si mbali na pale. Alikuwa anakusanya hela amkomboe, hazikutosha. Mke anamwandikia barua aje amnunue haraka, bwana wake ana shida ya hela na anaweza kumuuza kwa mwingine. Newby akauawa siku ya kwanza, barua zikakutwa. Harriet akauzwa Louisiana.

Nilikuwa namtafsiria mwenzangu kile kibao kwa Kiswahili, nikafika hapo kwenye barua akaniambia ngoja. Yeye alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, karatasi za mkewe zilichelewa baada ya zake. Akaenda kusimama kwenye daraja la reli, mi nikakaa kivulini nikamwachia. Aliporudi aliuliza tu kama basi la mwisho la kupanda juu ni saa ngapi, tukakimbia kuliwahi.