Warsha za kuediti Wikipedia kuhusu wanawake: nenda na kitabu

Kama uko chuo na umeona tangazo la warsha ya kuandika habari za wanawake kwenye Wikipedia, zile zinazopangwa sana mwezi wa tatu tukikaribia siku ya wanawake, nenda. Laptopu unaweza hata kuazima, ila kitabu beba, maana nimeshakaa kwenye hizi warsha na nimeona kinachofanya makala idumu na kinachofanya ifutwe kabla hujarudi hosteli.

Hali yenyewe ni hivi. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukichukua wasifu wote wa watu waliomo, wa wanawake ni kama asilimia 20, na hapo watu wamefanya kazi kweli, kwa sababu mwaka 2015 wakati Women in Red, kundi la wahariri wanaoandika wasifu wa wanawake wasio na makala, linaanza ilikuwa kama asilimia 15. Mfano ambao kila mwezeshaji anautoa ni wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Oktoba 2018 anatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu tu baada ya Marie Curie 1903 na Maria Goeppert Mayer 1963, watu wanakimbilia Wikipedia kumsoma na hawamkuti, na kumbe rasimu yake iliandikwa mwaka huohuo ikakataliwa eti marejeo hayaonyeshi umuhimu wake. Gérard Mourou waliyeshinda naye kwa kazi ileile ya leza alikuwa na makala siku nyingi. Mi hiyo inaniuma kila nikiisikia.

Lakini wanaosema tatizo ni wahariri tu wenye roho mbaya hawajawahi kujaribu kuandika. Kwenye warsha moja kuna binti alikaa karibu na mimi, alitaka kumwandika bibi yake aliyekuwa mkunga, amezalisha watu wilaya nzima. Mwezeshaji akamuuliza kwa upole, "Mdogo wangu, nani kaandika habari zake?" Akajibu, "Hakuna dada, ila kule kwetu kila mtu anamjua." Sasa hapo ndo mlango unafungwa, kwa sababu kanuni ni kwamba kila unachokiweka lazima kiwe kimeshachapishwa mahali pengine panapoaminika, na mtu asiye ndugu yako. Hata ungemrekodi bibi saa tano mfululizo, kama hiyo rekodi haijatoka popote huwezi kuitumia. Na sasa jiulize magazeti yetu ya miaka ya 50 na 60 yalikuwa yanamwandika nani. Waume, wakubwa wa serikali, wachezaji mpira. Mama akitajwa ni mke wa fulani, basi.

Ndo maana mi naona watu wawili wametusaidia kuliko hata warsha zenyewe. Wa kwanza Shaaban Robert, aliyekaa akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa kijijini Unguja kwenye umaskini, 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, na leo mwanafunzi akitaka kumwandika ana kitabu kizima cha kushika. Wa pili ni Susan Geiger, mwanahistoria, huyu miaka ya 1980 alizunguka kuwahoji akina mama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, wenyewe, akina Bibi Titi Mohamed na wengine ambao majina yao hayako kwenye barabara yoyote, kitabu kikatoka 1997. Kitabu hicho kimoja kinakupa makala nyingi mno, yaani unafungua sura unakuta mama kaeleza alivyoingia chama, nani alimwita, vikundi vya ngoma vilivyotumika kusambaza habari, na vyote unaviwekea marejeo na ukurasa.

Nikupe picha kidogo ya kazi yenyewe ilivyo. Jamaa mmoja kwenye meza yetu alianza makala ya Bibi Titi na "alikuwa mwanamke shujaa asiyesahaulika katika taifa letu". Kila mtu mezani kakubaliana naye, lakini mwezeshaji kaifuta yote. Tukakaa na kitabu tukaandika upya: alizaliwa Dar es Salaam 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma, 1955 akaanza kuongoza tawi la wanawake la TANU, 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, akafariki 2000. Kila kipande na chanzo chake. Nilivyosoma ile aya kavu isiyo na sifa hata moja nilisisimka kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ushujaa wote upo mle ndani na hakuna mtu anaweza kuja kuutoa.

Mambo madogo ya kujua: fungua akaunti ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao mmoja unaruhusiwa kufungua akaunti sita tu kwa siku, na darasa la watu arobaini kwenye waifai ya chuo mtakwama wote. Kwa Kiingereza akaunti mpya hairuhusiwi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka iwe na siku nne na uhariri kumi, kwa hiyo anza kurekebisha vitu vidogo mapema. Na usinakili gazeti, hiyo inafutwa bila mjadala. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na ina makala kibao za wanawake zenye sentensi mbili na lile tangazo kwamba makala bado ni mbegu, hizo ndo zinahitaji mikono. Binafsi naona bora mkoleze moja ikawa na aya sita kuliko kuanzisha kumi za mstari mmoja ili ripoti ya warsha ipendeze.

Kwa waandaaji nina ombi. Hamisheni warsha kutoka maabara ya kompyuta mpeleke maktaba, na mkutubi awepo tangu asubuhi, magazeti ya zamani yashushwe yawe mezani. Halafu tasnifu. Maktaba za vyuo vyetu zimejaa kazi za uzamili na uzamivu ambazo wanafunzi walienda vijijini kuhoji wakunga, viongozi wa vikoba, walimu wa kwanza wa kike, na nyingi zimekaa rafu tu hazijulikani. Zile za uzamivu ziwekeni mtandaoni ili zitumike kama marejeo, na wale wa uzamili wasaidiwe kutoa makala kwenye majarida. Yule binti nilimshauri akamtafute mtu wa idara ya historia anayefanya utafiti wa wakunga, amuunganishe na bibi yake wakati bado anaongea vizuri, wachapishe, halafu tukutane mwezi wa tatu tumwandike.