Nilivyohakikisha ubongo wa mwanangu unapimwa, si kupigwa picha tu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, kichwa kikaanza kujaa maji, na upasuaji wake ulifanyika MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa hiyo nilipojiandaa kwa mimba ya pili nilianza vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5, kwa maelekezo ya daktari, miezi kadhaa kabla, maana mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Kisha nikaazimia kwamba huyu wa pili atachunguzwa ubongo na mgongo bila mimi kuchomwa sindano ya tumbo.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Wifi yangu, ambaye hakuna asilolijua, alisisitiza damu yangu ipelekwe nje ya nchi kupimwa vinasaba, kwa bei iliyopita milioni moja. Kipimo hicho si kibaya: kuanzia wiki ya 10 kinasoma vipande vya vinasaba vya kondo la nyuma vinavyozunguka katika damu ya mama, na kinabaini vizuri kama kuna uwezekano mkubwa wa kromosomu (vifurushi vya vinasaba) ya 21, 18 au 13 kuzidi. Lakini hakioni umbo la kitu chochote. Watoto wengi wenye mgongo wazi kromosomu zao zimetimia, hivyo majibu yangerudi safi na tatizo likabaki palepale. Nilipomweleza hayo, alinijibu kwamba mimi ni bahili.

Kituo kimoja cha mtaani nacho kilinipiga ultrasaundi katika wiki ya 14, wakanipa picha na kauli ya "mtoto mzima, hongera mama". Daraja linalounganisha pande mbili za ubongo hukamilika karibu na wiki ya 20, kwa hiyo sijui hongera ile ilikuwa ya nini.

Ultrasaundi niliyoitaka hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22, na haikunigharimu hata robo ya zile fedha za wifi. Nilikwenda na karatasi yenye mambo manne: upana wa chemba za maji ndani ya ubongo, upana wa serebela (ubongo mdogo wa kisogoni), nafasi ya maji nyuma ya serebela, na uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi mwisho. Nilimwomba dada mpimaji aniandikie milimita, si neno "kawaida". Alinitazama kwa mashaka, akaanza kazi.

Mtoto naye alikuwa ameuegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, hauonekani kabisa, na bado niliona kwenye kioo mpimaji akiandika kwamba mgongo hauna tatizo. Nikasema, "Samahani dada, huo mgongo umeuona wapi?" Akacheka, akafuta. Nilitoka nikanywa juisi ya ukwaju baridi, nikapanda na kushuka ngazi za jengo lile hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea, nikarudi na kulala ubavu wa kushoto. Mtoto aligeuka kana kwamba ameitwa jina. Mifupa ya mgongo ikaonekana imefuatana kama zipu iliyofungwa mpaka chini, na ngozi juu yake haina pengo. Kugeuka huko kulisaidia pia kichwani, kwa sababu nusu ya ubongo iliyo karibu na kifaa hufunikwa na ukungu unaosababishwa na fuvu lenyewe.

Chemba zilikuwa milimita 7. Mwisho unaokubalika ni chini ya 10. Serebela ilikuwa milimita 20, na katika wiki hizo idadi ya milimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Katika mgongo wazi serebela huvutwa chini na kupinda, na maji ya nyuma yake hutoweka, lakini ya mwanangu yalikuwepo. Kama kungekuwa na shaka, daktari angenipeleka kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ambacho hakina mionzi ya eksirei.

Nilirudi tena katika wiki ya 32, kwa kuwa kichwa kinaweza kujaa maji au kudumaa baadaye. Safari hiyo mpimaji aliniomba karatasi kabla sijaitoa mkobani.