Boti haingoji mashine

Wenzangu wa chanjo visiwani mtanielewa. Waraka mpya umeshuka: kila mfanyakazi aweke kidole kwenye mashine ofisini saa mbili asubuhi, ndipo aende kituoni. Haya. Boti ya Faza, huku Lamu, hufuata maji kujaa na kupwa. Yakitoka, kupita mkondo wa Mkanda, kati ya bara na kisiwa cha Manda, ni taabu, na kuzunguka nje ya Manda msimu huu wa kusi ni kujitafutia balaa. Na kasha la chanjo lazima libaki nyuzi 2 hadi 8!

Bosi wetu si mtu mbaya, mshahara ukichelewa huja kutwambia mwenyewe. Lakini afya ilipogatuliwa kwa kaunti 2013 tuliahidiwa maamuzi ya karibu. Tumeomba tusaini zahanati, tukajibiwa "linashughulikiwa". Mmoja wetu keshaanza kulala ofisini.

Wa vituo vingine, nyinyi mwafanyaje?