Haiku za Wanyama na Watu wa Nyumbani: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Daftari langu la haiku, yaani mashairi mafupi yenye asili ya Japani, kuhusu wanyama na maisha ya kila siku ya familia sasa limejaa kiasi cha kuniwezesha kupambanua lililo rahisi na lililo gumu. Hesabu ya mizani (silabi) 17, zinazogawanywa katika mistari mitatu ya 5, 7 na 5, imekuwa sehemu nyepesi kuliko zote. Kijapani huhesabu irabu ndefu kuwa vipande viwili, na huipa sauti ya n inayofunga silabi kipande chake yenyewe. Nasi kwa mazoea yetu ya ushairi tunahesabu "juu" kuwa mizani mbili na kuiacha m ya "mtoto" ijitegemee. Katika majina mafupi kama mbwa, nzi na nge, nazali, yaani m au n ya mwanzo, ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo kila jina ni mizani mbili. Ndiyo maana mbu na mbuzi wana uzito mmoja katika shairi, jambo lililowafurahisha watoto kuliko haiku yoyote niliyowasomea.

Baba hayupo;
mbwa juu ya ndara
kajikunyata.

Kilichonichukua muda mrefu ni kitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hukusanya mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, na neno hilo linaweza kuumeza mstari mzima kabla mnyama hajaingia. Mwanzoni nilivikwepa vitenzi virefu, nikiandika haiku zilizosheheni nomino, ambazo zilikuwa sahihi kwa hesabu lakini hazikuwa na mwendo. Siku hizi naviachia nafasi vinapostahili, kwa sababu kiambishi kimoja kinaweza kumficha mtu ambaye shairi zima linamzunguka:

Radi ya kwanza;
wanamkimbilia
wana na paka.

Mama wa nyumba hii hakutajwa, wala hana sifa hata moja; yumo ndani ya m iliyo katikati ya kitenzi, na msomaji humpata mwenyewe. Radi ya kwanza imekaa mahali pa neno la msimu, ambalo haiku ya mapokeo hulidai. Washairi wa Japani wana kamusi maalumu za maneno hayo, zenye ndege, wadudu, maua na hali ya hewa vilivyopangwa kwa majira; mimi nimetenga kurasa za nyuma za daftari kwa orodha yangu, nikiandika kumbikumbi wanapotoka, vyura wanapoanza kelele na vumbi linapotulia.

Nimekuwa nikimrejea sana Kobayashi Issa (1763–1828), aliyeacha takriban haiku 20,000, nyingi zikiwa za shomoro, nzi, konokono na vyura. Huwasemesha viumbe hao kana kwamba ni majirani, wala hawageuzi kuwa mafunzo. Hapo ndipo kalamu yangu inaposhikwa na ukaidi, kwa kuwa ngano tulizokulia zilimfanya kila mnyama kuwa mwalimu: sungura ana hila, fisi ana uroho, na hadithi haiishi bila onyo. Rasimu yangu moja ilisema, "Tumegombana, sisimizi mezani wana umoja." Mizani zimetimia, lakini ni hotuba iliyovaa nguo za haiku. Niliyoibakiza ni hii:

Tumenyamaza;
sisimizi mezani
wazoa chembe.

Ugomvi sasa unasikika katika ukimya, na sisimizi wanafanya kazi yao bila kumhukumu mtu. Nukta mkato iliyo mwishoni mwa mstari wa kwanza ndiyo mkato wenyewe, kazi ambayo Kijapani huipa neno la pekee. Bila mkato huo, haiku hugeuka kuwa sentensi iliyokatwa vipande vitatu.

Haiku hizi huzituma katika kikundi cha familia kwenye simu, jioni, moja moja, bila maelezo. Mjomba wangu, aliyekulia kwenye tarbia, mashairi ya mistari minne kwa kila ubeti, aliuliza mara moja, "Vina viko wapi, mwanangu?" Swali lake lina haki, kwani mshororo mmoja tu wa shairi la mizani 8 kwa 8 una mizani 16, yaani haiku nzima inauzidi kwa mizani moja, na mtu aliyezoea beti hawezi kulaumiwa akidhani ameletewa mlango bila nyumba. Nilimjibu kwamba kina hufunga wazo, ilhali mimi nataka libaki wazi. Hakukubali. Siku chache baadaye alituma haiku ya jogoo wake, yenye vina katika mistari yote mitatu, na lazima niseme ilipendwa kuliko zangu.

Nimejiwekea sharti moja: haiku inayomhusu mtu husomwa naye kwanza, kabla ya kikundi kuiona, kwa maana mistari mitatu inaweza kufichua siri ya nyumba upesi kuliko barua ndefu. Haiku mbili zimezuiwa kwa njia hiyo, zote za kukoroma. Hatua inayofuata ni kuzipanga zilizobaki kwa majira, na kumwomba mjomba azisome kwa sauti huku mimi nikisikiliza mahali ambapo pumzi yake inakatika tofauti na nukta mkato zangu.